Mvinyo Haujaiva

Kila mwaka marafiki watatu wa marehemu walikuja kwa mjane wake kuitazama chupa ya mwisho aliyoiacha, wakabishana kama mvinyo umeiva.

"Shemeji, huu bado mtoto mchanga," alitania mwenye upara. "Ule wangu mbovu wa dukani ndio wa kulazwa, tena usiamke kabisa!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

"Safari hii tuufungue bwana," akasema mwingine, chupa na kizibuo mikononi.

Mjane aliipokea chupa. Kizibo kilikuwa kimelowa. Alikigusa kwa kidole gumba, akakinusa kidole: siki tupu.

Akawatazama, wameketi sebuleni, kiti cha mumewe wamekiacha wazi kama kawaida yao.

Akajifuta kidole kwenye gauni.

"Bado," akasema. "Njooni mwakani."