Nyegere na Neno Pole

Alikuwako Nyegere, na hasira zake zilimtangulia kila alikokwenda. Kila neno aliloambiwa alilipekua akitafuta tusi ndani yake, na asipoliona alizidi kukasirika, maana aliamini limefichwa.

Asubuhi moja alikuwa akichimba shimo. Jirani yake, Bi Pimbi, akapita na kumwambia, "Pole na kazi, bwana."

"Pole ya nini? Umeona nimeshindwa?" Nyegere akamrukia, akamng'ata sikio likakatika. "Kuanzia leo usiniambie pole, hata nikifa."

Jioni Nyegere akaingiza kichwa mzingani kutafuta asali, kikanasa humo humo. Nyuki wakamvamia puani. Akasikia nyayo zikija, kisha zikasimama kimya.

"Nani huyo? Mbona husemi kitu?"

"Ni mimi, Pimbi. Nina neno, lakini ulinikataza. Na sikio limebaki moja."

Nyegere akalia mle mzingani. "Bi Pimbi, nimekukosea, na Mungu ananiona. Niambie hiyo pole, halafu univute."

"Haya, pole," akasema Bi Pimbi, akaushika mzinga, akavuta mpaka kichwa kikachomoka, kimevimba kama boga.

Nyegere akamtazama kwa jicho lililokuwa bado linafumbuka. Akawaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo 'haya' ilikuwa na maana gani?"

Bi Pimbi akauinua tena mzinga, akauelekeza kichwani pa Nyegere.

"Nimeshapoa, jirani," Nyegere akasema upesi. "Ahsante kwa maneno yote mawili."