Rangi ya Buluu Chini ya Nati

Taa zimewaka, Klara, zote mbili! Ngoja nikae.

Unalijua lile gari la baba, aliloliunganisha mwenyewe kwa vipande vya magari mabovu. Ukiwasha taa zinafifia kama kibatari, na mshale wa mafuta unaruka mpaka kujaa wakati tangi lina robo. Swichi baba keshaibadilisha, wapi. Mwenyekiti wa kijiji akasema gari lisilo na taa kwenye ukungu huu halina kazi, bora injini ifungwe kwenye mashine ya kusaga.

Leo mwenyekiti kaja na spana aing'oe injini.

Nikamwamkia, nikaingia chini ya dashibodi, nikaufuata waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, kwa kidole mpaka kwenye nati. Chini ya nati, rangi ya buluu, nzito, inang'aa. Baba alipaka kila mahali kabla ya kufunga waya, na umeme haupiti kwenye rangi.

"Baba, naomba kisu nikwangue hapa."

"Rangi yangu?"

"Padogo tu, baba."

Mwenyekiti akacheka. "Huko chuo cha ufundi ndiko wamekufundisha kuharibu?"

Baba akatoa kisu, akakwangua mwenyewe, taratibu, mpaka bati likaonekana jeupe. Nikakaza nati, nikavuta swichi. Mwanga ukampiga mwenyekiti kifuani. Mshale ukabaki kwenye robo.

Mwenyekiti akarudisha spana mfukoni. "Haya, nani ananishusha Lushoto?"

Baba akanipa mimi ufunguo. Mimi, niliyewahi kuendesha mara moja tu, uwanjani chuoni.

Tumefika salama, ila ile kona ya kwanza ya mteremko nitakusimulia kesho.