Kijiko cha Somoe

Siku hiyo mjinga alikuwa Chande, na hata yeye hakatai. Yeye na Somoe walitengeneza karatasi laini mithili ya nailoni, za kuoteshea miche, kwa uji wa nyuzi za mgomba na unga wa chokaa. Zikifukiwa, zinaoza. Za Somoe zilikunjika kama leso, za Chande zilichanika, na mwenye kitalu cha miche alikuwa njiani kuja kuchagua fundi mmoja tu.

Wivu ukamkaba. Somoe alipokwenda kuteka maji, Chande, akidhani siri imo kwenye chokaa ya mwenzake, alifungua kopo la Somoe, akachota konzi tatu, akazikorogea kwenye uji wake mwenyewe, akaumwaga juu ya kioo na kuuanika, huku akipiga mluzi.

Alasiri, mbele ya mwenye kitalu, akaibandua karatasi yake kwa madaha. Ikavunjika kama ganda la yai, vipande vikamwangukia miguuni.

"Chokaa yako mbovu, dada!" akafoka. "Umeniponza!"

Mwenye kitalu akageuka kulitazama kopo.

Somoe akaokota kipande, akakipuliza vumbi.

"Ungeniomba, kaka, ningekupa na kijiko cha kupimia."