Nyekundu ya Kung'aa

Baba Adventina alikuwa na rangi mbili nyekundu mezani. Moja ilikuwa ya kopo, ile wanayopaka vyuma bandarini, nzito na isiyong'aa. Nyingine ilikuwa kichupa cha rangi ya kucha, kilichoingizwa kwa magendo kutoka Kisumu, maana miaka ile ya uhaba madukani Mwanza hapakuwa na rangi wala sabuni.

Meli ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande, ilikuwa imekamilika, isipokuwa rangi ya sehemu ya chini, ile inayozama majini. Yeye na binti yake walikuwa wakiiunganisha tangu Krismasi huku wakibishana. Baba alisema meli za kweli haziwaki hivyo. Adventina alitaka ing'ae. Tena aliomba apake na kucha zake, kidogo tu.

"Hii ni ya meli," baba alimkatalia.

Leo, baada ya kuanua matanga, alichagua ile ya kung'aa. Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimebaki kitone.

"Mtoto huyu!" alifoka, kama vile binti bado yumo chumba cha pili. "Si nilimkataza?"

Mkewe aliacha kuchambua maharage.

"Hakuigusa, Baba Adventina. Ni mimi nilimpaka, tulipomaliza kumwosha, kabla hawajafunga jeneza."

Baba alikilaza kichupa kiganjani. Nyekundu ilitambaa polepole ndani ya kioo, kisha ikarudi chini.

"Vidole vyote?"

"Vyote," mkewe alisema. "Na vya miguuni."