Jembe Mlangoni

Asubuhi ya siku ya tatu Atupele alifungua mlango akakuta jembe limeegemezwa ukutani. Juu ya mpini palikuwa na kitenge kikuukuu na kilemba.

Alibaki amelikodolea macho. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo aliikariri tangu shule ya msingi kwao Mbeya, lakini hakuwahi kufikiri ipo siku mtu mzima na akili zake atamwekea mlangoni namna hii. Tena kwenye nyumba aliyoilipia wiki nzima!

"Ananifukuza," alijisemea.

Nyumba ilikuwa ya Mama Albina, mjane wa kijijini Mollo, aliyeijenga shambani kwake kwa ajili ya watu wa mjini wanaotaka kupumzika. Siku ile ya kwanza alimpa maelekezo yote wima wima, mikono kiunoni.

"Kuni hizo hapo. Maji kisimani, na kamba ukimaliza uirudishe juu. Mbwa anaitwa Watasema, habweki bure. Hapa mgeni anajipikia mwenyewe, mimi si mpishi wa mtu. Na jingine: mimi uongo sisemi, kwa hiyo usinitume niuseme."

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza Atupele. Yeye hakuja kupumzika. Alikuwa amemkimbia mumewe, Obedi, mfanyabiashara wa mahindi kule mjini, mtaa wa Chanji. Mara ya mwisho Obedi alimvunja mkono, akaapa kwamba safari ijayo hospitali haitahitajika. Na jana jioni mdogo wake Lydia alikuwa amepiga simu.

"Dada, Obedi anazunguka nyumba zote za wageni. Bodaboda aliyekubeba kamwambia uko Mollo. Kesho anakuja huko."

Atupele alikimbilia jikoni kwa Albina, akapiga magoti kwenye majivu.

"Mama, nakuomba. Akija mume wangu, mwambie hapa hakuna mgeni. Ataniua, mama."

Albina alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Aliacha mwiko, akautazama ule mkono uliounga vibaya. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Nilimwapia Mungu mbele ya altare kwamba sitadanganya, mwanangu. Mollo nzima wanalijua hilo. Akiniuliza kama nina mgeni, nitasema kweli."

"Hata nikifa?"

"Kalale," Albina akajibu, akarudi kwenye ugali wake.

Kalale! Mtu anaambiwa kifo kiko njiani, anasema kalale. Atupele hakupata hata lepe la usingizi, na kulipokucha ndipo akakutana na jembe.

Angekwenda wapi? Mjini ndiko kwa Obedi. Stendi Obedi ana watu wake. Alijifunga kitenge, akapiga kilemba, akabeba jembe. Labda akilima vizuri yule mama ataingiwa na huruma, amwache alale japo siku moja zaidi.

Shamba la maharage lilianzia pale pale uani. Albina alikuwa ameshatangulia, anainua matuta.

"Umeamka? Haya, shika tuta hilo. Uso chini. Anayetazama njia halimi."

Roho mbaya gani hii, Atupele aliwaza. Upepo wa Ufipa ulimpiga mgongoni, mkono ukamuuma hadi begani. Alilima huku analia, na machozi hakuyafuta.

Jua halijapanda sana pikipiki ikasimama uani. Watasema akabweka. Atupele hakuhitaji kugeuka. Kikohozi kile angekijua hata usingizini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Dukani wamesema nikuulize wewe, maana wewe kudanganya hujui. Una mgeni hapa?"

Atupele alianza Baba Yetu, akaisahau katikati.

"Nilikuwa naye," Albina alisema. "Mwanamke. Alikuja juzi."

Mama wee! Kwisha. Atupele aliung'ang'ania mpini asianguke.

"Yuko wapi?"

"Leo sina mgeni, baba."

"Kaenda wapi?"

"Hakuniaga."

Atupele alisikia viatu vikisogea, vikaja hadi kwenye tuta la kwanza. Akainua jembe, akapiga. Akapiga tena. Udongo ukamrukia usoni.

"Na huyo?"

"Huyo wa nyumbani."

Obedi alitema mate, akatukana, si wao, akamtukana bodaboda. Pikipiki ikawaka. Mlio wake ulishika njia ya mjini, ukafifia, ukapotea kabisa.

Ndipo Atupele alipoliachia jembe. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, akautia uso wake kwenye kitenge cha watu, akalia kwa sauti.

"Mama," alisema alipoweza kusema. "Umevunja kiapo chako kwa ajili yangu. Umesema uongo."

"Nani? Mimi?" Albina alimaka, kweli kweli amekasirika. "Jembe si nimekupa tangu asubuhi?"

Aliokota jembe lililoanguka, akakung'uta udongo, akamrudishia mkononi.

"Na mchana usinihangaikie na kuni kule, njoo ule huku. Wanaojipikia ni wageni."