Hodi ya Mkaguzi

Selo ilikuwa tupu, na sakafu yake ilikuwa bado imelowa maji.

"Ungekuja bila taarifa, mwalimu, ungetukuta wachafu," mkuu wa kituo alisema akicheka.

Bi Mwajabu, mwalimu aliyechaguliwa na raia kukagua polisi, alikuwa amempigia simu jana yake. Alilelewa hivyo: mgeni hupiga hodi. Chini ya benchi la selo aliona ndara moja ya bluu, kamba yake imefungwa waya. Akatia sahihi fomu: mahabusu hakuna.

Getini mwanamke alimshika mkono. "Mama, umemwona mume wangu?"

"Selo haina mtu."

"Kavaa ndara za bluu. Moja niliifunga waya mwenyewe."

Bi Mwajabu aligeuka. Askari alikuwa ameshika komeo la geti, hajafunga bado.