Jumamosi ya Akai

Simu ilipolia tena, Akai aliitumbukiza ndani ya gunia la mchele, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba. Ikaendelea kulia humo humo.

"Kwani ni nani huyo unamzika akiwa hai?" Sylvia, msaidizi wake, akauliza, mikono imejaa vitunguu.

"Mama Abei wa Kakuma. Anamwoza binti ya dada yake Jumamosi ya baada ya Krismasi. Nimemwambia siwezi, hasikii."

Desemba Lodwar si mwezi wa mpishi kulala. Walioenda kutafuta maisha wote wanarudi nyumbani kwa mkupuo, na kila mmoja ana karamu yake: huyu anaoa, yule anabatiza, mwingine ameezeka nyumba mabati na anataka iliwe pilau. Akai alikuwa amepika karamu hizo miaka nenda miaka rudi, na kila Krismasi watoto wake walikula makombo ya sherehe za wenyewe.

Mwaka huu alikataa. Tangu Oktoba alikuwa ameshasaga viungo, amechambua mchele, amewapanga wanawake wa kukata na wa kuchochea moto. Wateja akawatangazia mapema: atapika mpaka Ijumaa, basi. Jumamosi ni yake na mumewe na watoto, ziwani, kule Eliye Springs. Aliyetaka kununa alinuna.

Tena wazo lenyewe lilikuwa la Erupe, mumewe. Erupe aliendesha lori la samaki, leo Kataboi, kesho Kakuma, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini siku moja alimkuta anasugua masufuria, akamtazama weee, kisha akasema, "Mama Lokiru, utajiua. Jumamosi ya baada ya Krismasi usipikie mtu. Hasa hizi kazi za mbali, unarudi umekwisha kabisa. Chukua watoto, zima simu, upumzike."

Akai alilia palepale, jamani, kwa kuambiwa tu apumzike.

Kulikuwa na tumaini jingine ambalo hakumwambia hata Sylvia. Tangu waanze kuishi pamoja, Erupe hakuwa amepeleka mifugo kwa baba yake Akai. Na kwa Waturkana, bila mifugo hiyo ndoa bado. Watoto wao, Lokiru na dada yake, walihesabiwa wa babu yao, na mzee hakuchoka kulisema hilo mbele za watu. Sasa mwaka huu Erupe mwenyewe alikuwa amedokeza kwamba ndugu zake wanakusanya ng'ombe na mbuzi kule Nakalale. Akai akajumlisha mwenyewe. Siku nzima ziwani, bila simu, bila wateja. Si ndiko atakakomwambia?

"Na huyo Erupe akikuangusha?" Sylvia akamchokoza.

"Aniangushe vipi, na yeye ndiye aliyepanga?"

Ijumaa jioni, sufuria ya mwisho imeoshwa na nguo za watoto ziko ndani ya begi, Erupe akapiga simu. Lori limekufa njiani, anangoja spea. "Nyinyi tangulieni tu. Nitawakuta huko Jumapili. Lakini usikose kwenda, mama. Niahidi."

Akaahidi. Kisha akakaa juu ya begi kwa hasira. Baadaye ikamgeukia huruma: maskini, mtu wa watu sikukuu yake inaishia chini ya lori. Watoto walipouliza baba anakuja lini, aliwaambia wakalale.

Simu ikalia. Mama Abei, na safari hii kilio kabisa. "Ejok, mwanangu," akasalimia haraka kwa Kiturkana. "Mpishi wetu ameshikwa na uchungu wa kuzaa, wamemkimbiza hospitali. Wageni wako njiani, mimi nitaficha wapi uso wangu? Niokoe, nakuomba."

Akai akatazama lile begi. Ziwa bila Erupe alilitakia nini? Watoto akawapeleka kwa nyanya yao, akamwita Sylvia, na alfajiri masufuria yalikuwa juu ya pikapu, wanakata barabara ya Kakuma. Akai hakumwambia Erupe. Aliona atajilaumu bure kwamba ameharibu mapumziko yao.

Huko hakukuwa na nafasi ya kununa. Walipika kwa moto wa kuni chini ya jua lile la Kakuma, jasho linaingia machoni. Pilau ilipoiva, mifugo ya mahari ikaanza kuingia uwanjani kwa vumbi na nyimbo: mbuzi, ng'ombe, hata ngamia. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba wa bibi harusi alisimama wima akiwatazama wanyama wale, uso umemng'aa. Akai alimwona, akamkumbuka baba yake, akarudisha macho kwenye sufuria.

"Yako pia itafika," Sylvia akamnong'oneza.

Kilichobaki ni bwana harusi kumchoma mkuki fahali wa ndoa. Mama Abei akaja mbio, akamshika Akai mkono na kumvuta katikati ya umati, moshi na yote.

"Njoo! Njoo mkwe wetu akushukuru!" Alikuwa akicheka kwa furaha. "Huyu alitusumbua, wewe! Mimi nilipotaja jina lako tu, akakataa katakata. Eti yule mpishi wa Lodwar tumwache, naye ni binadamu, akapumzike ziwani na watoto wake."

Bwana harusi, manyoya ya mbuni kichwani, akageuka akitabasamu.

"Mama Lokiru," akasema Erupe, na mkuki ukamponyoka.